Kibla cha Mafia na Historia ya Msikiti Mtukufu wa Makka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewawekea waja wake Nyumba moja ya kuielekea popote walipo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mnaotusikiliza majumbani. Nahodha wa pwani yetu akisema kwamba pepo zavuma kutoka kibla, hazungumzii sala. Asema pepo zavuma kutoka kaskazini. Katika lugha yetu neno kibla lina maana mbili: upande wa kuelekea katika sala, na upande wa kaskazini. Kusini twakuita suheli, kwa jina la nyota. Lakini kaskazini tumekupa jina la kibla. Wazee wetu walikuwa wakisimama katika sala mara tano kila siku wakiuelekea upande mmoja, hata jina la ibada likawa jina la pembe ya dunia.

Na katika pwani yote hii, ni mahali pachache ambapo maana hizo mbili zinalingana kama zinavyolingana hapa Mafia. Mji wa Makka uko karibu na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 50 mashariki, na kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa hiki, kiko karibu juu ya mstari huo huo. Mwenye kusimama Kanga akaelekea kaskazini barabara, amekwisha kuielekea Al-Kaaba. Mbele yake ni bahari, kisha maji ya Pemba, kisha pwani ya Kilifi nchini Kenya, kisha nchi ya Habesha walikokimbilia masahaba katika hijra ya kwanza, kisha Bahari ya Shamu. Na baada ya mwendo wa kilomita 3,200 hivi, ndiyo Makka. Hata zawali ya jua, inayoingiza wakati wa adhuhuri, huwafikia watu wa Kanga na watu wa Makka kwa tofauti isiyopata dakika moja. Basi inatupasa watu wa upande huu tuijue vyema historia ya Nyumba ile, kwa sababu iko hukumu ndani yake inayotuhusu hapa hapa kisiwani, nayo tutaifikia, inshallah.

Kurani Tukufu katika Sura ya Al Imran, aya ya 96, yatujulisha kwamba Nyumba ya kwanza waliyowekewa watu kwa ibada ni ile ya Makka; na katika Al-Baqara, aya ya 127, twaambiwa habari ya Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail walipokuwa wakiinyanyua misingi yake huku wakimwomba Mola awakubalie. Tuangalie neno misingi. Kuta walizozijenga Ibrahim na Ismail zilikwisha kuanguka karne nyingi kabla ya Mtume wetu kuzaliwa. Kilichobaki ni mahali.

Miaka 5 kabla ya Utume, yaani kiasi cha mwaka 605, Makureshi waliona kuta zimedhoofika kwa moto na mafuriko, wakaazimia kuijenga upya. Miti ya kuezekea hawakuwa nayo. Wanasimulia wenye sira kwamba jahazi la Warumi lilivunjika pwani ya Hijazi, wakazinunua mbao zake, wakaezekea kwazo Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Sisi watu wa visiwani twaijua thamani ya mbao za chombo kilichovunjika, na habari hii yafaa wasimuliwe watoto. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba Makureshi, nao wakati ule wanaabudu masanamu, waliagana wasiingize katika jengo lile mali ya riba, wala ujira wa uzinzi, wala mali aliyodhulumiwa mtu. Wakachanga katika mali safi tu, nayo haikutosha! Matajiri wa Makka, wenye misafara ya Shamu na Yemeni, walikosa fedha halali za kuimaliza nyumba moja. Wakaona afadhali kuifupisha kuliko kuchanganya, wakaacha nje upande mmoja kiasi cha dhiraa 6 au 7, wakauzungushia ukuta mfupi. Ndiyo Hijri Ismail tuijuayo, na kila mwenye kutufu huizunguka kwa nje, kwani sehemu ile ni katika Al-Kaaba ingawa haina ukuta wa Al-Kaaba. Mtu na akae akiikumbuka habari hii kila inapopitishwa sahani ya mchango wa msikiti.

Ulipofika wakati wa kulirudisha Jiwe Jeusi mahali pake wakagombana, kila kabila likitaka heshima ile, hata wakakaribia kumwaga damu. Wakakubaliana wamfuate mtu wa kwanza atakayeingia, akaingia Muhammad, ambaye tangu hapo walimwita Al-Amin. Akatandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakuu wa makabila washike pembe zake wainue pamoja. Kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake mtukufu.

Baada ya Hijra, Waislamu wa Madina walisali miezi 16 au 17 wakiielekea Baitul Muqaddas. Kisha, katika mwaka wa 2 wa Hijra, sawa na 624, ikateremka aya ya 144 ya Sura ya Al-Baqara, ikamwamuru Mtume (S.A.W.) auelekeze uso wake kwenye Msikiti Mtukufu. Watu wa Quba habari iliwafikia wamo katika sala ya alfajiri. Hawakuikata sala ile, wala hawakungoja waimalize. Waligeuka pale pale, nyuso zao zikatoka upande wa Shamu zikaelekea upande wa Makka. Na wakati huo ndani ya Al-Kaaba na kuizunguka yalikuwamo masanamu 360, ambayo hayakuondolewa ila mwaka wa 8 wa Hijra Makka ilipofunguliwa na Bilal akapanda juu ya Nyumba akaadhini. Kwa miaka 6, basi, Waislamu waliielekea Nyumba iliyozungukwa na masanamu, na sala zao zilikuwa sahihi, maana uchafu wa mikono ya watu haukuiondolea Nyumba heshima aliyoipa Mola wake.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Katika mwaka wa 64 wa Hijra, sawa na 683, jeshi la Yazid liliuzingira mji wa Makka alimokuwamo Abdullah bin Zubair, mjukuu wa Sayyidna Abubakar. Al-Kaaba ikashika moto, kuta zikapasuka. Vita vilipokwisha, Ibn Zubair aliazimu kuibomoa mpaka chini na kuijenga juu ya misingi ya Ibrahim, kwa hadithi aliyoipokea kwa khalati yake, Bibi Aisha. Watu wakaingiwa na hofu kubwa. Itakuwaje Umma ubaki bila ya Nyumba? Watu wasali wakielekea wapi, na watufu wapi? Ibn Abbas akamshauri asiwaache watu bila ya kibla. Basi Ibn Zubair akasimamisha nguzo za miti kuizunguka misingi, akazitundikia mapazia. Na watu wakatufu nje ya mapazia yale, wakasali wakiyaelekea, mpaka kuta ziliposimama tena. Hakuna aliyesema kwamba kwa siku zile sala ya Waislamu ilisita kwa kuwa jengo halipo. Kibla ni mahali pale na anga iliyo juu yake. Mawe huja na kuondoka.

Na kweli yaliondoka tena na tena. Miaka 10 haikupita, Hajjaj akamshinda Ibn Zubair na kumuua, akairudisha Nyumba katika umbo la Makureshi. Baadaye khalifa mmoja wa Bani Abbas alitaka kuibomoa airudishie umbo la Ibn Zubair. Imamu Malik akamsihi aiache, isije ikawa mchezo wa wafalme, kila ajaye anabomoa na kujenga. Katika mwaka 930 Wakarmati waliwaua mahujaji, wakaling'oa Jiwe Jeusi, wakakaa nalo miaka ipatayo 22. Na katika miaka yote hiyo watu waliendelea kutufu. Mwaka 1039 wa Hijra, sawa na 1630, mafuriko yaliangusha kuta, na Sultani Murad wa Nne wa Uthmania akaamuru ijengwe. Kuta zinazovishwa kiswa leo, kwa sehemu kubwa, ni za ujenzi ule. Zina umri mdogo kuliko mihrabu kadhaa zilizo katika pwani yetu wenyewe!

Msistaajabu kwa neno hili. Pale Kizimkazi Dimbani, kisiwani Unguja, upo msikiti ambao mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, na hata leo watu wanasali humo. Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu, uliopanuliwa katika karne ya 14 zama za Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye habari za Kilwa zasimulia kwamba katika ujana wake alikaa Aden akisoma, kisha akaenda kuhiji, kabla ya kushika ufalme. Ibn Battuta, naye ametoka Makka, alimkuta huyo akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, akawaona kwake masharifu waliokuja kutoka Hijazi. Huko Mombasa alikopitia kwanza aliona misikiti ya miti iliyojengwa kwa uhodari, yenye visima milangoni, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kwa hiyo njia kati ya pwani hii na Msikiti Mtukufu ni ya zamani sana.

Na Mafia imo katika njia hiyo. Habari za Kilwa zasimulia kwamba mtawala wa kwanza wa ukoo wa Kishirazi alimtuma mwanawe aje kutawala kisiwa hiki. Mji wa Kisimani, kwenye rasi ya magharibi, ulikuwa na msikiti wake wa mawe, na sarafu nyingi za masultani wa Kilwa zimeokotwa huko. Bahari imeula mji ule sehemu kubwa. Kua, kisiwani Juani, ulisitawi baadaye, ukawa na jumba la kifalme, makaburi, na misikiti kadhaa, mpaka Wasakalava wa Bukini walipokuja kwa ngalawa zao katika miaka ya 1820 wakauteketeza na kuwachukua watu mateka. Waliosalia hawakurudi kuujenga. Misikiti ile imebaki kuta bila ya paa, miti imeota ndani, na mihrabu zingali zimeelekea kaskazini.

Je, hiyo bado ni misikiti? Hilo ndilo swali linalotuhusu. Mtu wa leo akipita kwenye gofu huona mawe mazuri yaliyokwisha kuchongwa, yafaayo kwa msingi wa nyumba au kwa kuchomea chokaa. Huona kivuli kizuri cha kufungia mbuzi. Husema, hapa hapasaliwi tena, na wenyewe wamekwisha kufa. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu walio wengi wa pwani hii, jibu ni wazi, na Imamu Nawawi amelitaja katika Minhaji: msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Kwa nini? Kwa sababu ardhi yake yaweza kusaliwa ingawa haina ukuta wala paa. Wakfu haufi kwa kufa aliyeuweka, wala haufi kwa kuangukiwa na Wasakalava. Ikichelewa kwamba mawe yake yataibwa, ni kadhi au mwenye madaraka atakayeamuru yaondolewe yakahifadhiwe, au yakajenge msikiti mwingine. Si jirani mwenye gari la ng'ombe. Na mwenye janaba hakai ndani ya gofu lile, kama asivyokaa katika msikiti wenye paa. Na mwenye udhu akiingia, ni suna asali rakaa 2 za kuamkia msikiti kabla ya kuketi. Jambo hili ni lile lile la mapazia ya Ibn Zubair.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba safari haifungwi kwa kuutukuza msikiti kuliko mingine ila kwa misikiti 3: wa Makka, wa Madina, na wa Al-Aqsa. Gofu la Kua lina haki ya kuheshimiwa kwa kuwa ni msikiti, si kwa kuwa ni gofu. Wala mwenye haja hana sababu ya kuipeleka haja yake kwa kuta zilizovunjika.

Limebaki jambo moja la vijana. Siku hizi mtu huja na dira, akaiweka mbele ya mihrabu ya zamani, akawaambia wazee kwamba maisha yao yote wamesali upande usio sawa. Fukaha wa madhehebu yetu wamesema kwamba mihrabu iliyosaliwa na Waislamu kwa zama nyingi haipingwi katika upande wake kwa jitihadi ya mtu mmoja. Kinachoruhusiwa kuchunguzwa ni kuelemea kidogo kuliani au kushotoni. Na mwenye kutaka kuchunguza haihitaji dira, ambayo sindano yake katika pwani yetu hupotoka nyuzi chache. Jua hupita juu ya Al-Kaaba utosini mara 2 kila mwaka: tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27, kwa saa zetu, ambazo ni sawa na saa za Makka, na katika mwaka mrefu hutangulia kwa siku moja. Asimamishe kijiti kilichonyooka mahali pa wazi, angoje dakika ile, kisha apige mstari kutoka ncha ya kivuli hadi shina la kijiti na kuendelea mbele. Huko mstari unakoelekea ndiko kibla. Kanga mstari huo utakwenda kaskazini barabara, na aliye Kua aweza kufanya hivyo hivyo mbele ya mihrabu iliyoanguka.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu.