Datsun nambari 11 haikunyooshwa bodi

Nissan imehifadhi mamia ya magari yake ya zamani huko Zama, Japani, ndani ya majengo yaliyokuwa kiwanda. Mengi yanang'aa kama yametoka dukani jana. Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na nambari 11 mlangoni ina mabonyeo, na imeachwa hivyo makusudi.

Mabonyeo hayo ni ya barabara zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda kwa gari hilo rali ya Safari ya Afrika Mashariki. Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa 240Z nyingine. Herrmann alikuwa bingwa wa mwaka uliotangulia pia, lakini kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la familia lililoandaliwa kwa rali. 240Z lilikuwa gari la michezo: viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda 6 na lita 2.4, lililowavutia sana Wamarekani kwenye lami yao laini. Huku kwetu lilikutana na matope ya masika, vumbi, mawe, na barabara zisizofungwa, malori na ng'ombe wakipita kama siku zote.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola alilinyakua taji kwa Ford Escort. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalirudisha kwa 240Z akiwa na Lofty Drews. Alishinda kwa tundu la sindano: alifungana pointi na Harry Källström, naye Källström aliendesha Datsun vilevile!

Gari la Herrmann halikupita mikononi mwa matajiri wala madalali. Lilirudi Japani, likabaki mali ya kiwanda. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, wanachama wa klabu ya kujitolea iliyoanzishwa 2006 huko Atsugi, walilifufua hadi likatembea tena. Mitambo waliishughulikia, bodi wakaiacha na majeraha yake.

Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika historia ya gari hili. Rangi mpya hununuliwa popote, ila bonyeo la mwaka 1971 halitengenezwi tena. Kwa hiyo wewe uliyerithi gari lililowahi kukimbia Safari, mwite fundi wa injini kwanza. Fundi wa rangi asubiri.