Umoja wa Nani? Jina la Kiswahili katika Operesheni ya Rwanda na Kongo ya 2009

1.0 Utangulizi
Tarehe 20 Januari 2009, wanajeshi wa Rwanda waliingia Kivu Kaskazini kwa makubaliano na serikali ya Kongo. Shabaha yao ilikuwa FDLR, kundi la waasi wa Kirwanda ambalo baadhi ya viongozi wake walihusishwa na mauaji ya kimbari ya 1994. Serikali mbili zilizokuwa zikituhumiana kwa zaidi ya muongo mmoja zilishirikiana katika operesheni moja, nayo ikaitwa Umoja Wetu. Makala haya yanalichunguza jina hilo kama tamko la sera, na kuhoji "wetu" ilimhusu nani.

2.0 Uteuzi wa Lugha
Kinyarwanda kingeonekana kuwa lugha ya upande mmoja, tena katika Kivu kimefungamanishwa na mgogoro wa uraia. Kilingala, lugha ya jeshi la Kongo tangu ukoloni, kingekuwa cha upande wa pili. Kiswahili ndicho kilichozoeleka kati ya Gisenyi na Goma, miji miwili inayotenganishwa na kizuizi cha mpaka tu. Hata hivyo, hakikuwa lugha isiyo na historia: Kinshasa ilikikumbuka kama lugha ya askari wa AFDL walioingia mjini humo mwaka 1997.

3.0 Jina na Matokeo
Kwa watawala, umoja ulizaa matunda upesi. Tarehe 22 Januari, Laurent Nkunda, kiongozi wa waasi wa CNDP, alikamatwa Gisenyi. Wanajeshi wa Rwanda waliagwa Goma tarehe 25 Februari, na tarehe 23 Machi CNDP ikatia saini mkataba wa amani na serikali ya Kongo.

Lakini Spika wa Bunge la Kongo, Vital Kamerhe, alilalamika hadharani kwamba Bunge halikuarifiwa. Mwezi Machi alijiuzulu. Vijijini gharama ilikuwa kubwa zaidi. FDLR walirejea na kulipiza kisasi, na operesheni iliyofuata, Kimia II, ikaongeza madhila. Shirika la Human Rights Watch lilirekodi kuuawa kwa makusudi kwa zaidi ya raia 1,400 kati ya Januari na Septemba 2009, mikononi mwa FDLR na mikononi mwa jeshi la Kongo na washirika wake.

Kisarufi, kimilikishi "-etu" hakibainishi kama msikilizaji amejumuishwa au ameachwa nje. Waliolitoa jina hilo walinufaika na utata huo. Wanavijiji ndio walioulipia.

4.0 Hitimisho
Mwaka 2010 ilifuata operesheni Amani Leo, na mwaka 2012 waasi wapya wakajiita M23, kwa kumbukumbu ya mkataba wa 23 Machi. Majina yalibadilika, ahadi ikabaki deni. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, hivyo huenda kikazidi kutumika katika makubaliano ya aina hii. Washauri wa sera wazingatie kwamba ahadi iliyotolewa kwa lugha ya mwananchi haihitaji mkalimani: anaielewa siku inapotangazwa, na kwa maneno hayohayo ataihukumu. Kabla ya kuandika "wetu", pande husika ziwashirikishe wale watakaolisikia neno hilo.