Samatta na ile Novemba ya 2015

Wadau, jana usiku hosteli hapakulalika. Mshikaji mmoja wa Kinondoni kadai eti Mbwana Samatta kwenye mechi kubwa hamna kitu. Mimi mtoto wa Mbagala, kulekule alikokulia Samatta, ningenyamazaje?

Nikaanza na fainali ya Klabu Bingwa Afrika 2015, TP Mazembe na USM Alger. Samatta alifunga kule Algiers, Mazembe ikashinda 2-1. Novemba 8 akafunga tena Lubumbashi, 2-0, kombe likabaki Kongo.

Jamaa akacheka: "Na zile saba za Blida je?"

Hapo nikameza mate. Novemba 14 Samatta aliifunga Algeria hapahapa Dar, Stars ikaongoza 2-0, ikaishia 2-2. Siku tatu baadaye, ugenini, tukapigwa 7-0.

Lakini jamani, mtu ni yuleyule, mwezi ni uleule. Kilichobadilika ni kikosi kilichomzunguka. Darasani tunakatazwa kumpa mtu mmoja sifa zote za historia ya taifa. Basi na vipigo vya taifa tusimtwishe mmoja.

Mwaka 2020 alifunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa ikalala 2-1 kwa Manchester City. Aliyefungwa siku ile ni Samatta au Villa?

Haya, andalio la somo linanisubiri. Mbishi aje chumbani, chai ipo.