XTC ya Swindon: Bendi Iliyohamia Ndani ya Santuri

Swindon ni mji wa reli. Kabla ya kampuni ya Great Western kujenga karakana zake hapo katika miaka ya 1840, palikuwa na mji mdogo wa soko juu ya kilima, katika jimbo la Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baada ya hapo ukawa mji wa mafundi wa chuma, wenye nyumba za safu na king'ora cha kuwaita watu kazini. Waingereza wa miji mingine wamezoea kuutaja kwa mzaha, kana kwamba hapana jambo la maana liwezalo kutoka huko. Huko ndiko ilikozaliwa XTC, bendi iliyotoa santuri ndefu kumi na mbili kati ya mwaka 1978 na mwaka 2000. Katika historia nyingi za muziki wa pop bendi hiyo hupewa mistari michache tu, tena ya masikitiko: ati ilishika bahati mkononi, kisha ikaiangusha.

Hukumu hiyo yafaa kuchunguzwa upya. Lile liitwalo kuanguka kwake, yaani kuacha jukwaa katika mwaka 1982, ndilo lililoizalia nusu ya pili ya kazi yake, na nusu hiyo ndiyo iliyo bora. Walakini faida hiyo haikupatikana bure, wala waliolipa gharama yake si wale tu walioipata.

Bendi ilichukua jina la XTC mwaka 1975. Andy Partridge, aliyezaliwa Malta mwaka 1953 na kulelewa Swindon, aliimba na kupiga gitaa. Colin Moulding alipiga gitaa la besi na kuimba. Terry Chambers alipiga ngoma. Barry Andrews aliingia baadaye kidogo na kinanda chake. Wakati huo vijana wa London walikuwa wameanza muziki wa panki, muziki wa makelele na hasira ambao ulidharau ufundi. Kampuni za santuri zikatafuta vijana wengine wenye nguvu ile ile lakini wajuao kutunga wimbo; hao wakaitwa wimbi jipya. XTC ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Virgin mwaka 1977. Vijana wale hawakuusoma mkataba ule kwa macho ya wanasheria, na miaka ishirini ilipita kabla hawajatoka ndani yake.

Santuri mbili za kwanza, White Music na Go 2, zote za mwaka 1978, zina haraka nyingi kuliko busara. Nyimbo zake hurukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa, na Partridge huyakata maneno vipande vipande hata maana ikapotea njiani. Jalada la Go 2 halina picha: lina maneno tu, yaliyopigwa taipu, yakimweleza mnunuzi kwamba jalada ni hila ya kumfanya anunue. Ni mzaha mzuri. Pengine ni mzuri kuliko nyimbo kadhaa zilizomo ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1979 Andrews aliondoka. Mahali pake hakutafutwa mpiga kinanda mwingine, bali aliitwa Dave Gregory, mpiga gitaa wa Swindon aliyekuwa na elimu ya muziki kuliko wenzake.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa. Jina la santuri iliyofuata, Drums and Wires, lasema yote: ngoma na nyaya. Ilirekodiwa mwaka 1979 katika studio ya Town House, London, chini ya usimamizi wa Steve Lillywhite, na Hugh Padgham akiwa fundi wa sauti. Wimbo wake uliojulikana mno ni Making Plans for Nigel, ambao Moulding aliutunga. Habari yake ni ya kijana ambaye wazazi wake wamekwisha kumpangia maisha yote, pamoja na kazi katika shirika la chuma la serikali. Nigel mwenyewe hasemi neno lolote ndani ya wimbo; wengine ndio wasemao kwa niaba yake kwamba ana furaha. Chambers alizigeuza kazi za vyombo vyake, hata ngoma zenye sauti nzito zikashika mwendo ambao kwa kawaida hushikwa na matuazi, na masikio ya msikilizaji yakasikia kitu kama mtambo wa kiwanda unaokwenda pasipo kumwuliza mtu. Wimbo ulifika nafasi ya 17 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Hapana shaka watu wa Swindon, mji ambao baba alimrithisha mwana kazi ya karakana, waliuelewa upesi.

Black Sea ya mwaka 1980 iliendeleza sauti ile ile kwa ukali zaidi, kwa kuwa nyimbo zake ziliandikwa ili zipigwe mbele ya watu. Nayo ndiyo sababu ya kuitazama kwa makini santuri iliyofuata, English Settlement, iliyotoka Februari 1982. Hii ilikuwa santuri mbili katika jalada moja, na juu ya jalada pamechorwa Farasi Mweupe wa Uffington, sanamu iliyochongwa katika chokaa ya mlima si mbali na Swindon, yenye umri wa miaka kama 3,000. Ndani yake magitaa ya umeme yamepunguzwa. Pana gitaa la nyuzi kumi na mbili, magitaa yasiyo na umeme, na besi ya kuteleza. Nyimbo ni ndefu, zina nafasi ya kupumua, na nyingi si rahisi kupigwa na watu wanne katika ukumbi wenye kelele. Yaani mtunzi alikuwa amekwisha kuanza kuliaga jukwaa katika utunzi wake kabla mwili wake haujamlazimisha. Jambo hili husahauliwa na wale wasemao kwamba ugonjwa ndio ulioigeuza bendi. Ugonjwa ulikuja kukata shauri ambalo nyimbo zenyewe zilikuwa zikilijadili. Senses Working Overtime, wimbo wa kwanza kuuzwa peke yake kutoka santuri hiyo, ulifika nafasi ya 10, na santuri yenyewe nafasi ya 5. Kabla ya hapo wala baada yake XTC haikupata kufika juu kiasi hicho.

Mwezi uliofuata mambo yaliharibika. Tangu ujana wake Partridge alikuwa akipewa vidonge vya Valium vya kutuliza mishipa. Matumizi yake yalikatizwa ghafla, pasipo uangalizi wa daktari, na mwili ukadai haki yake. Tarehe 18 Machi 1982, mjini Paris, katika onyesho lililokuwa likirekodiwa kwa televisheni, alianza wimbo wa kwanza, kisha akaweka gitaa chini na kuondoka jukwaani. Safari ya Marekani iliyofuata ilidumu onyesho moja kamili, la San Diego, tarehe 3 Aprili. Siku ya pili, Los Angeles, hakuweza kabisa. Safari ikavunjwa. Ikabaki bendi yenye madeni, yenye kiongozi asiyeweza kusimama mbele ya umati, katika biashara ambayo wakati huo ilimpima mwanamuziki kwa safari zake.

Aliyeumizwa kwanza alikuwa Chambers. Mpiga ngoma huishi kwa kupiga ngoma mbele ya watu. Studio kwake ni maandalizi tu. Kwa miaka mitano alikuwa amezunguka ulimwengu na wenzake, Australia ikiwemo, na sasa aliambiwa kwamba kazi yote itakuwa ya kukaa chumbani na kurudia vipande. Katika mwaka ule ule wa 1982, wakati santuri ya Mummer inaanza kutengenezwa, aliondoka, akahamia Australia. Bendi haikumpata mwingine wa kudumu. Tangu hapo iliwaazima wapiga ngoma kwa kila santuri. Yeyote asifuye uhuru ambao XTC iliupata studioni hana budi kumkumbuka mtu huyu, ambaye hakuugua wala hakukosea, na kazi yake ikaisha kwa sababu ya hofu ya mwingine.

Mummer ya mwaka 1983 ni santuri ya mtu aliyetoka kuugua, tulivu, yenye harufu ya shamba, iliuzwa kidogo. The Big Express ya mwaka 1984 ilirudi Swindon kwa jina na kwa sauti: jalada lake la kwanza lilikatwa duara kama gurudumu la gari la moshi, na nyimbo zake zimejaa mlio wa chuma na mvuke. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, karakana za reli za Swindon zilifungwa. Santuri hiyo haikukusudiwa kuwa maombolezo, lakini leo ni vigumu kuisikiliza kwa namna nyingine.

Katikati ya hapo palitokea kichekesho. Tarehe 1 Aprili 1985, siku ya wajinga, ilitolewa santuri ndogo iitwayo 25 O'Clock ya bendi iliyojiita The Dukes of Stratosphear. Walikuwa XTC wenyewe, wakijifanya wanamuziki wa mwaka 1967, kwa gharama ndogo sana. Katika Uingereza santuri ya mzaha iliuzwa kuliko The Big Express, iliyogharimu fedha nyingi na jasho jingi. Kampuni ilitazama hesabu hizo bila kucheka.

Basi Virgin ikawataka wafanye kazi na mtayarishaji Mmarekani, naye akawa Todd Rundgren. Kazi ya Skylarking ilifanywa mwaka 1986, sehemu kubwa karibu na Woodstock, New York. Rundgren alikuwa amepelekewa nyimbo za majaribio, na kabla wageni hawajafika alikuwa amekwisha kuzichagua na kuzipanga ziwe mfululizo mmoja: asubuhi hata usiku, kiangazi hata baridi, mapenzi ya ujana, ndoa, mauti. Partridge, aliyezoea kuwa na neno la mwisho, alikuta nyumba imekwisha kujengwa naye ameachiwa kuchagua pazia. Waligombana vibaya. Moulding, ambaye kwa kawaida alipata nyimbo chache, alipewa tano. Matokeo ya ugomvi huo ni santuri nzuri kuliko zote za bendi hii. Wimbo mmoja huingia katika mwingine kwa sauti za wadudu na za vinanda, na msikilizaji hufika mwisho kabla hajafikiri kuinua sindano. Mtunzi hodari alihitaji mtu wa kumkataza. Ukweli huo Partridge aliupinga kwa miaka mingi, ingawa baadaye aliisifu kazi ya Rundgren.

Hata hivyo nchini mwao ilifika nafasi ya 90 tu. Marekani iliokolewa na wimbo ambao haukuwamo. Dear God, ambao ni barua ya mtu asiyeamini akimwandikia Mungu, uliwekwa upande wa pili wa santuri fupi. Watangazaji wa redio za Marekani wakaugeuza upande huo, wasikilizaji wengine wakaudai tena na wengine wakakasirika, na kampuni ya huko ikachapa Skylarking upya ikiutia wimbo huo na kuutoa mwingine. Partridge mwenyewe hakuridhika nao. Aliona jambo kubwa namna ile halikuenea katika wimbo mfupi. Jambo jingine lilijulikana baadaye sana: mwaka 2010 santuri hiyo ilitolewa upya baada ya fundi John Dent kueleza kwamba mawimbi ya sauti yalikuwa yamepinduliwa tangu mwanzo, hata besi ikapungua uzito. Ikiwa ni hivyo, watu waliipenda kwa miaka 24 pasipo kuisikia sawasawa.

Oranges & Lemons ya mwaka 1989 yang'aa kupita kiasi, na haihitaji maneno mengi. La kuangaliwa ni kwamba mwaka huo huo watatu hao walizunguka vituo vya redio vya Marekani na magitaa yasiyo na umeme, wakapiga vizuri, wakafurahi. Kupiga muziki hakukumtisha Partridge. Kilichomtisha ni umati uliolipa. Mwaka huo pia iliisha kesi ndefu kati ya bendi na meneja wake wa zamani, kesi iliyokuwa imezifunga fedha zao kwa miaka.

Mwaka 1992 ilitoka Nonsuch, yenye jina la jumba la Mfalme Henry wa Nane, jumba lisilobaki hata ukuta. Wimbo wake mmoja, Wrapped in Grey, ulikuwa umekwisha kuchapwa peke yake uuzwe, kampuni ikauondoa. Ndipo wakagoma. Waliomba kuachiliwa kutoka katika mkataba wa ujana wao au upangwe upya. Walipokataliwa, hawakurekodi kitu. Mgomo wa mfanyakazi wa karakana huzimisha mitambo, na tajiri huona hasara siku ile ile. Mgomo wa watunzi wanaouza kidogo haumwumizi tajiri hata kidogo. Huwala wagomaji wenyewe. Kwa miaka hiyo, wakati vijana wa Uingereza walikuwa wakitajirika kwa kupiga magitaa kwa namna ambayo XTC ilikuwa imeionyesha mapema, XTC ilikaa kimya nyumbani.

Walipoachiliwa walikuwa na nyimbo za kujaza santuri mbili. Apple Venus Volume 1 ya mwaka 1999 ilitumia okestra ya watu wapatao arobaini, iliyorekodiwa katika studio ya Abbey Road kwa siku moja, maana fedha hazikuruhusu ya pili. Ni kazi ya watu wazima, ya talaka na ya majira ya kuchipua, isiyofanana na kitu chochote kilichouzwa mwaka ule. Gitaa halikuwa na nafasi kubwa ndani yake, na mapatano kati ya Gregory na Partridge yalikuwa yameharibika. Gregory aliondoka mwaka 1998 kabla haijakamilika. Wasp Star ya mwaka 2000 ikafuata, ya magitaa, nyepesi zaidi, nayo ikawa ya mwisho. Miaka michache baadaye Moulding naye aliacha.

Mwaka 2017 Moulding na Chambers, aliyekuwa amerejea Uingereza, walitoa santuri ya nyimbo nne kwa jina la TC&I. Mwishoni mwa mwaka 2018 walipanda jukwaa katika ukumbi wa sanaa wa Swindon, usiku kadhaa, na wapigaji wengine wa kuwasaidia. Partridge hakupiga nao. Walipiga Making Plans for Nigel, kama ilivyotazamiwa. Kisha wakapiga pia nyimbo za Skylarking, ambazo Chambers hakuzipiga zilipotengenezwa, kwa kuwa wakati huo alikuwa Australia, na ambazo kwa miaka zaidi ya thelathini zilikuwa zimejulikana kwa santuri peke yake.