Makelele ya Mjapani katika Nchi za Maziwa Makuu

Katika kata ya Gahanga, kusini ya Kigali, kando ya barabara iendayo Bugesera, kimesimama tangu mwaka 2017 kiwanja cha kriketi chenye kuba tatu nyembamba, zilizojengwa kwa vigae vya udongo wa nchi ile ile na kwa ufundi wa kale wa watu wa Mediterania; na yeyote adhaniye kwamba jambo la ajinabi likiingia nchini hubaki la ajinabi milele, ingemfaa azitazame kuba hizo kwanza, ndipo ausikilize muziki wa makelele ninaokusudia kuueleza.

Mtaliano Luigi Russolo alikwisha andika mwaka 1913 kwamba sauti za mitambo nazo zastahili heshima ya muziki, lakini walioufikisha usemi huo ukingoni ni Wajapani: kundi la Hijokaidan tangu 1979, na Masami Akita wa Tokyo, aitwaye Merzbow, ambaye albamu yake Pulse Demon ya 1996 ni mngurumo wa umeme tangu mwanzo hata mwisho. Wengi wetu hapo huzima redio.

Walakini sikio la nchi zetu halina haki ya kujifanya geni. Mpiga ikembe wa Rwanda, vidole gumba vyake vikibonyeza ndimi za chuma, hatoi mlio safi peke yake, kwa kuwa ndimi zimevishwa pete nyembamba za chuma ambazo hutetemeka na kuvuma kila ulimi uguswapo. Nazo hazikuwekwa kwa bahati, maana mlio usio mvumo huhesabiwa kuwa umepooza, kama mchuzi usiotiwa chumvi. Wazee wetu, basi, waliyatia makelele ndani ya muziki kwa hiari yao, tena kwa kipimo.

Kipimo hicho ndicho alichokikosa zamani Mjapani Shigeru Ishihara, alipokuwa Uingereza akijiita DJ Scotch Egg na kufanya ghasia kwa vile vidude vya Game Boy vya kuchezea watoto. Alipoalikwa Kampala na jamaa wa Nyege Nyege, ambao tamasha lao lilianza Jinja mwaka 2015, alijipa jina jipya la Scotch Rolex, kwa heshima ya rolex, ile chapati iviringishwayo na mayai barabarani, na mwaka 2021 ikatoka albamu yake Tewari kwa chapa ya Hakuna Kulala. Washika dini wa makelele watasema si makelele halisi, kwani ina midundo na ina waimbaji. Mimi naona ubora wake umo humo humo: katika Success, ngoma za mashine zapasuka chini ya ukelele wa Lord Spikeheart, yule Mkenya wa kundi la Duma, hata huwezi kupambanua koo na umeme, na katika Omuzira, mghani MC Yallah apita juu ya vishindo vile kwa Kiganda cha haraka, bila kuyumba, na Mjapani amejua kurudi nyuma.

Miaka miwili baadaye Yallah, ambaye hughani pia kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza, alitoa albamu yake mwenyewe, Yallah Beibe, na safari hii Ishihara alikuwa mmoja tu miongoni mwa mafundi walioitwa kumtumikia.