Reale na Rupia: Jinsi Fedha ya Zamani Inavyohukumiwa

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, chini ya sanduku la bibi au ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, imo sarafu moja au mbili za fedha za zamani. Mwenyewe akiulizwa thamani yake hujibu, "Ni ya kale sana." Jawabu hilo halitoshi. Wanunuzi wa sarafu hawaulizi ukale tu, huuliza pia, Je, hali yake i namna gani? Basi twapenda kueleza habari za swali hili, jinsi lilivyoulizwa zamani na jinsi lijibiwavyo sasa; maana asiyelijua hupunjwa na wajanja, au huiharibu mali yake kwa mikono yake mwenyewe.

Sarafu iliyosifika sana katika pwani yetu, na Bara Arabu, na Uhabeshi, ni ile ambayo watu wa pwani waliiita reale ya Sham. Jina lisitudanganye, haikutoka Sham, ilitoka Austria. Juu yake ipo sura ya Maria Theresa, malkia aliyetawala tangu mwaka 1740 hata alipokufa mwaka 1780. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 za madini yake, 833 ni fedha safi. Alipokufa malkia, wafanya biashara wa nchi hizo hawakutaka sura nyingine wala mwaka mwingine, kwa kuwa ile walikwisha kuizoea na kuiamini. Kwa hiyo Austria iliendelea kuipiga chapa ileile yenye mwaka 1780, na mwaka huo haukubadilishwa hata leo.

Walioipokea sarafu hiyo waliipokea kwa macho makali. Mtu alitazama lulu za taji lililo kichwani mwa malkia, na lulu za pambo lililo begani mwake. Zikihesabika, aliipokea, zikiwa zimefutika, aliitia kasoro au aliikataa kabisa. Wageni wengine walicheka wakidhani ya kuwa huo ni ujinga. Sivyo hata kidogo. Lulu ni vitu vidogo vilivyoinuka juu ya uso wa sarafu, nazo hufutika mapema. Zikifutika, ni dalili kwamba fedha imelika na uzito umepungua. Tena mghushi asiye na ufundi hushindwa kuzifanya sawasawa. Hivyo lulu zilikuwa mizani ya mtu asiye na mizani.

Baadaye rupia nayo ilienea. Rupia ya Uhindi ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na Wadachi walipoanza kupiga rupia zao za Afrika ya Mashariki mwaka 1890, walifuata uzito huohuo. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya chuma yenye tai. Upande wa pili, katika zile za kwanza, yupo simba pamoja na mnazi. Rupia zilipita mikononi mwa wapagazi, askari, na wenye maduka, zikasuguana mifukoni miaka mingi. Nyingine masonara waliziyeyusha wakafanya bangili. Mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 shilingi, ambayo robo yake tu ilikuwa fedha. Ndipo rupia ilipoacha kuwa fedha ya sokoni, ikawa kitu cha kuwekwa.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Mpokeaji wa zamani aliuliza, Fedha imebaki kiasi gani? Mkusanyaji wa siku hizi huuliza, Kazi ya kiwanda imebaki kiasi gani? Maswali haya mawili ni ndugu, kwa maana yote mawili hujibiwa kwa kutazama yale yaliyoinuka juu.

Kwanza wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walitumia maneno matupu, kama "njema," "nzuri," na "nzuri sana." Katika lugha yao ya biashara, sarafu iitwayo "njema" ni ile iliyolika sana, ambayo sura yake yaonekana kama kivuli tu. Basi mtu asifurahi upesi akiambiwa ya kuwa sarafu yake ni njema. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, aliandika kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akaweka daraja za namba, tangu 1 hata 70. Namba 1 ni sarafu iliyofutika hata ni shida kuitambua. 70 haina kasoro yoyote. Tangu 60 kupanda juu ni zile ambazo hazikutumika sokoni kamwe. Hesabu hiyo baadaye ilichukuliwa kwa sarafu za fedha pia. Na mwaka 1986 kampuni ya PCGS ya Marekani ilianza kazi ya kuhukumu sarafu za watu, na kuzifunga katika visanduku vigumu vilivyoandikwa daraja yake.

Twawezaje sisi kuhukumu bila kampuni? Ishike sarafu kwa ukingo wake, juu ya kitambaa laini, maana jasho la vidole huacha alama. Isogeze karibu na taa, uigeuze polepole. Kwanza tazama mahali palipoinuka: katika reale, nywele na bega la malkia, na manyoya ya tai aliye nyuma, katika rupia ya Wadachi, tai wa kofia na shavu la Kaisari. Pili tazama mng'ao. Sarafu isiyotumika ina nuru itembeayo juu ya uso wake inapogeuzwa, na nuru hiyo huondoka mapema sarafu ikianza kushikwashikwa. Tatu, pambanua kulika na kupigwa vibaya. Mahali palipokosa sura kwa sababu mashine haikugandamiza vema, mng'ao wa kiwanda huweza kuwapo bado. Mahali palipolika pamefifia. Nne, tafuta mikwaruzo, tundu, au alama ya kitanzi kilichounganishwa kwa moto, kwa kuwa reale nyingi zilivaliwa shingoni kama mapambo. Tundu halifutiki kwa uzuri wa sehemu nyingine.

Lakini adui mkubwa wa sarafu ni usafi. Mtu apatapo mgeni wa kununua, huichukua ile reale nyeusi, akaisugua kwa majivu na mchanga hata iwake kama kioo. Adhani ameiongezea thamani, kumbe ameipunguza. Ule weusi ni ngozi nyembamba iliyotokana na hewa kuigusa fedha kwa miaka mingi, nao haukudhuru kitu. Mchanga huondoa weusi pamoja na fedha iliyo chini yake, ukaacha mistari midogo isiyohesabika. Mnunuzi hodari huiona mara moja chini ya taa. Mng'ao wa kiwanda ukiisha kuondoka haurudi, hata kwa fundi gani.

Tena reale ing'aayo yataka uangalifu wa namna nyingine. Mwaka 1780 ulioandikwa si ushahidi wa umri wake. Zaidi ya Vienna, chapa hiyo imepigwa Rome, London, Paris, Brussels, na Bombay, na nyingi katika hizo ni za karne ya 20. Yaweza kuwa katika hali bora kabisa, wala isiwe ya kale. Basi hali na umri ni mambo mawili, na kila moja lataka kuulizwa peke yake.

Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi tazama. Wale waliohesabu lulu sokoni hawakuwa na kitabu wala kioo cha kukuzia, walakini hawakupokea fedha bila kuitazama. Sisi tulio na sarafu za wazee wetu tufuate mfano wao: tuzitazame kwanza, tuzijue, tusizisugue, wala tusiziuze kwa bei ya uzito wa fedha tu kabla hatujauliza habari zake. Zikiisha kutiwa katika chungu cha sonara, malkia na Kaisari huyeyuka pamoja, na habari zao pia.