Maoni ya umma kuhusu Serikali ya Tanganyika
Suala la Tanganyika kurudishiwa serikali yake ndani ya Muungano wa 1964 lilipimwa kwa upana na Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi kuanzia 2012. Kati ya watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Takwimu hizo zahusu waliojitokeza kuligusa suala hilo tu, si kura ya nchi nzima, lakini hazistahili kupuuzwa.

Mkoa wa Singida ulitoa mtetezi mkali wa hoja ya serikali tatu, Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, aliyehoji uhalali wa Hati za Muungano katika Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma, 2014. Aprili mwaka huo wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walisusia vikao vya Bunge hilo. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa Oktoba, ilibakiza serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015, iliahirishwa.